Kwa mnaoanza kuchora mashujaa: tangulizeni asichoweza

Kijana akinifungulia daftari lake anionyeshe shujaa aliyembuni, ukurasa wa kwanza karibu kila mara ni orodha ya nguvu. Anapaa. Risasi hazimwingii. Anasoma mawazo ya watu, ananyanyua lori la mchanga kwa mkono mmoja, macho yanatoa moto. Mchoro wenyewe huwa mzuri, misuli imekaa panapotakiwa na joho linapepea. Namuuliza swali moja tu: huyu hawezi nini? Wengi hapo hunyamaza, kisha hujibu, "Hakuna, anaweza vyote."

Basi bado hana hadithi.

Mimi nachora hapa Dodoma, hadithi za picha na animesheni, na nimekaa na wanaoanza muda wa kutosha kuona wanapokwama. Nyie wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), nyie wa sekondari mnaochora nyuma ya madaftari ya hesabu, na nyie mliomaliza shule mnaochora kwenye simu huku mkisubiri ajira, nina jambo moja la kuwaambia, na mengine yote hapa chini yanatoka humo. Hadithi ya shujaa huanzia pale nguvu zake zinapoishia. Wala sisemi nguvu za shujaa peke yake. Kurasa ulizonazo zina mwisho, bando lina mwisho, usiku wa kuchora una mwisho, na mji unaoishi una umbo lake. Ukiyakubali haya mapema, yatakusaidia kutunga. Ukiyakimbia, utabaki na daftari la mashujaa ishirini wasio na kisa hata kimoja.

Mtazameni Superman alivyoanza. Jerry Siegel na Joe Shuster, vijana wawili wa Cleveland huko Marekani, walimtoa mwaka 1938, na siku hizo alikuwa hapai. Alikuwa anachupa, na umbali wake ulitajwa waziwazi kwenye ukurasa wa kwanza: thumuni ya maili, yaani mita 200 hivi. Ngozi yake ilihimili mengi, lakini kombora lenye kulipuka lingeweza kuipasua. Miaka ilivyokwenda akaongezewa kupaa, kuona kupitia kuta, pumzi ya kugandisha, na kila alipoongezewa, waandishi wakapata kazi zaidi ya kumtafutia adui wa kumtoa jasho. Jawabu likatokea redioni mwaka 1943: kryptonite, mabaki ya sayari alikozaliwa. Kwenye vitabu vya picha iliingia mwaka 1949. Tafakari jinsi ilivyofikiriwa vizuri. Mtu asiyeshindwa na mizinga analegezwa na kipande cha kwao.

Spider-Man, aliyetolewa na Stan Lee na Steve Ditko mwaka 1962, yeye amebanwa na maisha ya kawaida. Kodi ya nyumba, mama mlezi mgonjwa, mtihani kesho asubuhi, bosi anayemlipa kidogo. Ana uwezo wa kusimamisha gari kwa mikono na hana uwezo wa kufika shuleni kwa wakati. Ndiyo maana kijana wa Chang'ombe anamwelewa bila kutafsiriwa.

Lakini hakuna haja ya kwenda mbali hivyo. Sisi wenye Kiswahili tunaye Fumo Liongo, na nashangaa jinsi vijana wengi wanavyomkumbuka kwa mtihani tu. Mrefu kupita watu wote, mpiga upinde asiyekosea, mtunzi wa mashairi. Kilichomfanya adumu ni sindano ya shaba. Ukimchoma nayo kitovuni anakufa, na silaha nyingine haimuui. Mfalme anamrubuni mtoto wa Liongo mwenyewe, mtoto anamuuliza baba, na baba, naona alikuwa ameshaelewa, anamjibu. Akishachomwa, anachukua upinde, anakwenda kisimani, anapiga goti na kuvuta mshale, na anafia pale pale katika hali hiyo. Mji mzima unakosa maji kwa sababu hakuna anayethubutu kusogea. Mchoraji yeyote akisoma hapo anapaswa kuona fremu nzima mbele yake: mgongo wa maiti aliyepiga goti, ndoo tupu mbali, watu wamejificha nyuma ya kuta.

Na angalieni kisa cha gerezani. Huyu mwenye nguvu za watu mia hakuvunja pingu kwa mikono. Mama yake alimtumia tupa ndani ya mkate wa wishwa, mkate ambao walinzi wasingeutamani, naye akazikereza pingu huku watu wakipiga ngoma na kuimba nje, ili mlio wa chuma usisikike. Akili ya mama, uroho wa walinzi, na kelele za ngoma. Hakuna nguvu ya ajabu hata moja, na ndicho kipande wanachokisimulia watu hadi leo.

Kwa hiyo kabla hujachora hata jicho, andika sentensi tatu. Anaweza nini. Hawezi nini. Akitumia nguvu yake, anapoteza nini. Ya tatu ndiyo inayorukwa zaidi, nayo ndiyo yenye utajiri. Nguvu isiyomgharimu shujaa haimtishi msomaji, kwa sababu msomaji anajua itatumika tena ukurasa unaofuata.

Nawatungia mfano hapa hapa ili tuutumie. Neema ni msichana wa Bahi. Akiweka sikio ardhini anasikia maji yanapopita chini, hata yakiwa mbali. Hawezi kuyaita wala kuyazuia, kusikia tu. Na akishayasikia maji, hasikii sauti ya mtu yeyote hadi jua lizame. Nguvu moja, ndogo, yenye bei. Nitamrudia.

Sasa mahali. Wengi wenu mnachora majiji ambayo hamjawahi kuyakanyaga, yenye ghorofa mia na ngazi za chuma ukutani. Spider-Man anajirusha kwa utando kwa sababu New York ina majengo marefu yaliyosongamana. Mlete Dodoma. Akianzia Jamatini atajining'iniza wapi? Atafika jengo la kwanza, la pili litakuwa mbali, katikati kuna mabati ya nyumba za chini na miti ya mwarobaini. Mji wa Serikali kule Mtumba una maghorofa, lakini yamepewa nafasi kubwa kati yake. Nguvu ile ile hapa haifanyi kazi, na hiyo ni habari njema kwako, kwa kuwa inakulazimisha kubuni mwendo mwingine wa shujaa ambao haujachorwa na mtu.

Tuna nini sisi? Tuna majabali yaliyopangana kana kwamba kuna aliyeyapanga kwa mkono, na Mlima Simba unaonekana ukiwa mjini. Tuna mibuyu ambayo miezi ya ukame inasimama mitupu, matawi kama mizizi. Tuna makorongo ya mchanga, makavu sehemu kubwa ya mwaka, yanayojaa ghafla mvua ikinyesha huko juu wakati kwako jua linawaka. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na miezi iliyobaki ni vumbi na upepo. Mashamba ya zabibu. Nyumba za tembe zenye paa la udongo bapa, ambapo mtu anaweza kukimbia juu akiona mbali. Tangu mwaka 2024 tuna treni ya umeme inayotoka Dar es Salaam kwa kasi inayofika kilomita 160 kwa saa. Kama unataka mkasa wa kukimbizana, upo pale kwenye reli. Na mtoto wa hapa ameshasikia kisa cha tembo aliyedidimia kwenye tope. Hicho kisa hakijapata mchoraji anayekistahili.

Wenzetu wameshaonyesha kwamba inawezekana. Malenga Mulendema wa Zambia aliwaweka wasichana wake mashujaa Lusaka, na mfululizo wao ukafika Netflix mwaka 2023. Mwaka uliofuata Disney ikaonyesha mfululizo uliowekwa Lagos, ulioandaliwa pamoja na vijana wa kampuni ya Kugali. Hawakuomba radhi kwa mtazamaji kwa kuonyesha mitaa yao.

Hata mavazi yatokane na mahali. Joho refu jekundu kwenye upepo wa Agosti wa Dodoma litamfunika shujaa uso. Mvalishe kaniki iliyofungwa begani, au kanga kiunoni, au koti la shule lililopauka, na viatu vya matairi. Nenda sokoni Majengo asubuhi, kaa na daftari dogo, chora jinsi mama anavyobeba gunia la ulezi: shingo inanyooka, mkono mmoja juu, kiuno kinasogea upande. Huyo ni mtu mwenye nguvu, na mwili wake haufanani na miili ya kwenye vitabu vya Marekani. Muombe ruhusa kwanza. Ukimwamkia vizuri, mara nyingi atakuuliza mwenyewe unachora nini.

Kuhusu kuamkia, hili nalo liingie kwenye kurasa zenu. Shujaa wa kwetu hatui mbele ya mzee akaanza kufoka maagizo. Hata kama moto unawaka, atasema "Shikamoo babu" huku anamshika mkono kumtoa nje, na babu ataitikia "Marahaba" huku anakohoa moshi. Kwenye vijiji vya Wagogo utasikia "Mbukwenyi" kabla ya neno lolote. Ukiweka hayo, msomaji wa Mpwapwa au Chamwino anaamini kila kitu kinachofuata, hata kama kinachofuata ni jabali linalotembea.

Nimrudie Neema, maana nataka muone ukurasa mmoja unavyojengwa kwa karibu. Tuna ukurasa mmoja na fremu nne.

Fremu ya kwanza inachukua upana wote wa karatasi. Korongo kavu. Wanawake wawili wamechimba shimo mchangani na wanachota maji kwa kikombe, taratibu, kujaza ndoo za njano. Anga jeupe. Mbali kabisa, juu ya vilima, kuna wingu jeusi dogo kama ukucha. Hakuna neno lolote. Msomaji asiye makini hataliona lile wingu, na sawa tu, atalirudia baadaye.

Fremu ya pili ni nyembamba na imejaa uso. Sikio la Neema liko mchangani, punje zimemganda shavuni, jicho moja limefumbuka sana. Bado hakuna neno.

Fremu ya tatu, Neema amesimama, mikono juu, mdomo wazi: "Mama zangu, tokeni! Maji yanakuja!" Herufi kubwa, nene, kiputo cha maneno kinagusa ukingo wa fremu.

Fremu ya nne. Mmoja wa wale wanawake amemgeukia, anapiga kelele, kidole kinaelekea kwenye kona ya korongo. Na kiputo chake ni kitupu. Ni cheupe, hakina herufi hata moja.

Tumeona kwa jicho la Neema. Yule mama anasema jambo zito, labda kuna mtoto kule konani, na shujaa wetu hawezi kulisikia kwa sababu ndiyo kwanza ametumia nguvu yake. Hakuna maelezo pembeni, hakuna sauti ya msimulizi. Ile sentensi ya tatu uliyoandika kabla ya kuchora ndiyo imekupa kiputo kitupu, na kiputo kitupu kitamlazimisha msomaji afungue ukurasa. Panga daima fremu ya aina hii iwe ya mwisho kwenye ukurasa wa kulia, pale mkono unapogeuza karatasi. Wanaochorea simu, iweke pale kidole kinapotakiwa kusukuma juu.

Sasa umbo. Jaza mchoro wa shujaa wako wino mweusi wote, ndani usibaki mstari. Unamtambua bado? Kama anaweza kuwa mtu yeyote, rudi kazini. Walimu wa kazi hii katika mkoa wetu ni wa kale mno. Kolo, kaskazini mwa mji wa Kondoa kwenye barabara ya kwenda Babati, kuna michoro ya miambani ambayo UNESCO iliiingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Mary Leakey alikaa huko mwaka 1951 akiinakili. Mingi imechorwa kwa rangi moja, nyekundu ya udongo, juu ya jiwe lisilo laini. Hawakuwa na kivuli wala rangi ya pili, na bado unatofautisha mara moja twiga na pofu, yule swala mkubwa, na watu wao warefu wembamba wenye vichwa vya duara huwezi kuwachanganya na watu wa mchoraji mwingine duniani. Nendeni mkaione. Chukueni mwongozo wa pale, msiguse mwamba wala kuumwagia maji ili rangi ing'ae, kwa sababu maji yanaiharibu. Mkirudi, chora mashujaa wako watano kwa rangi moja tu, kila mmoja awe na ukubwa wa kidole gumba.

Maneno. Kiswahili kina maneno marefu. "Hatutakuruhusu" linajaza mstari mzima wa kiputo. Basi andika maneno kwanza, chora kiputo kuyazunguka, picha iwe ya mwisho. Wanaofanya kinyume hujikuta wanabana herufi hadi hazisomeki. Kiputo kimoja kisizidi maneno kumi na tano hivi, na ukiona shujaa anaeleza mpango wake wote huku anapigana, mfunge mdomo. Mliokua na manga mkumbuke kwamba kurasa za Kijapani husomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Za kwetu zinaanzia kushoto, kwa hiyo ukiiga mpangilio wao, ugeuze.

Na milio! Naumia nikiona msichana wa Bahi anaanguka majini na juu yake kumeandikwa mlio wa Kiingereza. Sisi tumejaliwa. Akianguka majini ni chubwi. Mchangani ni tifu. Topeni ni tapwi. Sakafuni ni pu. Msomaji anajua ameangukia wapi hata kabla ya kutazama chini ya miguu. Chora herufi hizo kwa mkono, ziwe sehemu ya picha: "tifu" iwe na vumbi ndani yake.

Wanaotaka animesheni nawaombeni mpige hesabu kwanza. Filamu hupita fremu 24 kwa sekunde. Ukishikilia kila mchoro kwa fremu mbili, unahitaji michoro 12 kwa sekunde, yaani 720 kwa dakika. Fikiria usiku wako wa baada ya kazi, umeme ukiwepo, halafu gawanya. Hesabu hii iliwabana hata wakubwa. Hanna-Barbera walipoanza kutengeneza katuni za televisheni kwa bajeti ndogo, walimvalisha dubu wao Yogi, mwaka 1958, kola na tai shingoni. Ile kola inaficha maungio. Kichwa kinachorwa upya kinapoongea, mwili unabaki ule ule. Watoto wa dunia nzima waliipenda tai ile bila kujua iliwekwa kuokoa karatasi.

Na mpaka huo huo ukiujua vizuri unaweza kusimulia nao. Kwenye filamu ya mwaka 2018 ya Miles Morales, kijana anayejifunza kuwa Spider-Man, kuna mahali anajifunza kujirusha kati ya miti msituni pamoja na Spider-Man mkubwa. Mkubwa amechorwa fremu 24 kwa sekunde, anateleza hewani. Miles amechorwa 12, kwa hiyo anakatika katika, kana kwamba mwili unachelewa. Mtazamaji hajui kwa nini, lakini anahisi kijana bado hajaiva. Nadhani hapo ndipo nilipoipenda kazi hii zaidi ya mahali pengine popote: watu walichukua hesabu ya michoro wakaifanya tabia ya mtu.

Anza na sekunde kumi. Usianze na mapigano. Chora Neema anapiga goti, anaweka sikio mchangani, anainua uso. Uso ukibadilika kwa michoro mitatu tu iliyopangwa vizuri, umeshinda dakika nzima ya ngumi. Kwa vifaa, Krita na Blender ni programu za bure na halali. Zipakue mara moja mahali penye intaneti nzuri, baada ya hapo hazihitaji bando ili kufanya kazi. Wala msidharau kitu cha bure. Flow, filamu ya Latvia ya paka aliyekumbwa na mafuriko, isiyo na neno hata moja la mazungumzo, ilitengenezwa kwa Blender na ikachukua Oscar ya animesheni ndefu mwaka 2025. Sauti tunazo hapa: zeze, marimba ya mkono, ngoma ya muheme inayopigwa na akina mama. Hukwe Zawose alizipeleka sauti za Wagogo duniani kote. Ukimrekodi mpigaji, mlipe na jina lake liandikwe mwishoni.

Hapa nitasimama kidogo, kwa sababu kuna jambo halihusu ufundi na ni zito kuliko yote niliyoandika. Msimpe mtu mwenye ualbino nguvu za ajabu kwa sababu tu ya ngozi yake, na msimfanye jini wala mzimu. Katika nchi hii watu wamekatwa viungo na kuuawa kwa imani kwamba miili yao ina uchawi. Mchoro wako mzuri unaosema "wao si kama sisi" unakwenda kukaa kwenye kichwa kile kile. Mchore akiwa mwalimu, fundi, rafiki wa shujaa mwenye kofia pana na mafuta ya jua mfukoni, au shujaa mwenyewe ambaye nguvu yake imetoka kwingine kabisa. Vivyo hivyo bibi kizee mwenye macho mekundu. Macho ya bibi yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka mingi, na kuna vikongwe wamepoteza maisha kwa sababu majirani waliyasoma macho hayo vingine. Adui wa hadithi yako anaweza kuwa mwizi wa mita za maji, mnunuzi wa ardhi anayeghushi hati, ukame wenyewe. Wapo wengi.

Mwisho, mali yako. Siegel na Shuster waliuza hadithi ya kwanza ya Superman pamoja na haki zake zote kwa dola 130. Bill Finger alichangia sehemu kubwa ya kumbuni Batman mwaka 1939, na jina lake halikuwekwa rasmi kando ya la Bob Kane hadi mwaka 2015, miaka mingi baada ya kufariki. Hapa kwetu tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na COSOTA, yaani Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, ndio wanaopokea usajili wa kazi. Kazi ni yako tangu ulipoichora. Usajili unakupa ushahidi. Tunza michoro ya kwanza, hata ile mibaya, iandikie tarehe na jina lako nyuma. Kumchora Spider-Man nyumbani ili ujifunze mkono haina shida. Kumuuza kwenye fulana au kwenye jalada la kitabu chako ni kuuza mali ya watu.

Kurasa nane ndizo ninazowaomba mtengeneze, zisizidi. Karatasi mbili za A4 zilizokunjwa katikati na kubanwa pini ni kurasa nane kamili, na steshenari yoyote itakutolea fotokopi nyeusi na nyeupe kwa pesa ndogo. Wape watu wasiokujua wasome mbele yako, na wewe usiseme neno. Tazama ni ukurasa gani wanarudi nyuma kuangalia tena. Na mtu akikuletea mkataba kwa sababu ya kurasa hizo, kwanza tafuta mstari unaosema shujaa atakuwa wa nani baada ya malipo. Kama haupo, mwombe auandike kabla hujashika kalamu. Mwambie kwa heshima kwamba unamuuzia hadithi hii moja, na Neema anabaki kwenu.